Ruta zenye nembo yetu zina Linux na BusyBox, kiwanda hakitaki kutoa msimbo chanzo. Leseni inatudai nini hasa?

nahodha_wa_mtandao

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua leseni za programu huria kwenye vifaa vya kuuza.

Tunaagiza ruta za 4G na Wi-Fi kutoka kiwanda kimoja cha Shenzhen. Zinakuja na nembo yetu kwenye boksi na kwenye ukurasa wa mipangilio. Mzigo wa kwanza ni ruta 500, za kuuzwa Dar es Salaam na Mombasa. Bado haujatoka kiwandani: tumelipa asilimia 30, zimebaki 70. Sampuli iliyopo mkononi, ukiingia kwa telnet, inaonyesha kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 4.14 na BusyBox 1.28 (mkusanyiko wa amri ndogo za Linux), na faili /etc/openwrt_release inataja OpenWrt 18.06, mfumo huria wa ruta.

Kiwanda kimeombwa msimbo chanzo kikajibu kwamba ni siri ya mtengeneza chipu na kimesaini mkataba wa kutotoa. Maswali:

Anayedaiwa na leseni ni nani, kiwanda au sisi wenye nembo? Kama ni sisi, tunatakiwa kutoa nini na nini si lazima? Ndani tumeongeza vitu viwili: tumebadilisha kidogo nodogsplash, programu huria ya ukurasa wa kuingilia Wi-Fi, ili mteja aingize vocha kabla ya kupata intaneti, na tumeandika programu yetu ya C inayothibitisha vocha kwenye seva yetu. Hiyo ya pili hatutaki kuitoa. Mwisho, tunaruhusiwa kufunga ruta isikubali famuwea (programu ya ndani ya kifaa) nyingine?

---

mlinzi_wa_leseni

Mkuu, mnadaiwa wote wawili, kila mmoja kwa sehemu yake. Kiwanda kinawasambazia ninyi, ninyi mnamsambazia mteja. GPL toleo la 2, ambayo ndiyo leseni ya Linux na BusyBox, inamfunga kila anayesambaza. Haijali nani aliandika na nani alikompaili, yaani aligeuza msimbo chanzo kuwa programu ya kuendeshwa na mashine.

Kifungu cha 3 kinakupa njia tatu za kusambaza programu iliyokwisha kukompailiwa. Ya kwanza, 3(a): chanzo kamili kiende pamoja na kifaa. Ya pili, 3(b): kifaa kiende na ahadi ya maandishi, yenye nguvu kwa muda usiopungua miaka 3, kwamba mtu yeyote akiomba chanzo atapewa kwa gharama isiyozidi ile ya kukinakili na kukituma. Ya tatu, 3(c), ni kumpa mteja ahadi uliyopewa wewe na aliyekuuzia. Waagizaji wengi hudhani hii ya tatu ndiyo kimbilio lao, na hapo ndipo wanapoteleza: 3(c) ni kwa usambazaji usio wa biashara tu, tena kama kweli ulipewa ahadi hiyo. Ninyi mnauza, na hamkupewa kitu. Mnabaki na (a) au (b).

Usiposhika mojawapo, kifungu cha 4 kinasema haki zako chini ya leseni zinakatika zenyewe. Kuanzia hapo unasambaza kazi ya watu bila ruhusa, na kinachofuata ni sheria ya hakimiliki. Tanzania Bara ni ile ya mwaka 1999, Zanzibar wana yao, Kenya ni ya 2001. Hati ya TCRA au ya CA ya Kenya haikuondolei deni hili. Ile inahusu redio na mawasiliano.

Kwa wanaofikiri mwenye nembo huwa haguswi:

Linksys WRT54G iliingia sokoni Desemba 2002. Chipu ilikuwa ya Broadcom, famuwea ilipitia mikononi mwa CyberTAN ya Taiwan, na Linksys yenyewe ikanunuliwa na Cisco mwaka 2003 kwa takriban dola milioni 500. Watu walipogundua Linux ndani yake, mlango uliobishwa ulikuwa wa Linksys na Cisco. Chanzo kikatolewa mwaka huohuo, na mradi wa OpenWrt ukazaliwa juu yake mwaka 2004. Yaani famuwea iliyomo ndani ya ruta zenu, mkuu, ipo kwa sababu leseni hii ilitekelezwa.

Mwaka 2004 mahakama ya Munich ilitoa amri dhidi ya Sitecom, iliyokuwa ikisambaza ruta zenye netfilter (sehemu ya Linux ya kuchuja pakiti za mtandao) bila kutimiza GPL. Desemba 2009, huko New York, kampuni 14 zilishtakiwa kwa ajili ya BusyBox. Mojawapo ilikuwa Best Buy, ambayo ni duka! Iliingia humo kwa sababu ilikuwa ikiuza mashine za Blu-ray kwa chapa yake ya Insignia. Hali yenu inafanana nayo zaidi kuliko hizo nyingine.

Sasa "chanzo kamili" ni nini. Leseni inakitaja yenyewe: chanzo cha moduli zote zilizomo, faili za kuelezea viunganishi, pamoja na skripti zinazotumika kuongoza ukompaili na usakinishaji. Neno skripti ndilo linaloangusha wengi. Furushi la faili za .c lisilo na njia ya kulijenga halijatimiza kitu.

---

waya_tatu

Naongezea upande wa mikono. Kabla ya kubishana na kiwanda, jueni kilichomo, maana orodha ya kiwanda mara nyingi ni pungufu.

Kwa kuwa mna telnet, anzeni hapo:

```
cat /proc/version
busybox | head -1
opkg list-installed
lsmod
cat /proc/sys/kernel/tainted
cat /proc/device-tree/compatible
zcat /proc/config.gz
cat /proc/mtd
```

/proc/version inawapa toleo la kerneli na la gcc lililoijenga. Andikeni yote mawili, mtayahitaji. Namba ya "tainted" ni jumla ya alama: 1 maana yake kuna moduli isiyo ya GPL imepakiwa, 4096 maana yake kuna moduli iliyojengwa nje ya mti wa kerneli. Mkiona 4097, zote mbili zipo. /proc/config.gz haipo kwenye kila kifaa, lakini ikiwepo ni mpangilio kamili wa kerneli ile, na kiwanda hakiwezi kudai kimeupoteza.

Kama siku moja mtapata kifaa kisicho na telnet, chukueni faili la sasisho mlipitishe `binwalk -e`, zana ya kufumua famuwea. Kawaida mtaona butiloda (programu inayoiwasha kerneli) ya U-Boot, kerneli iliyobanwa kwa LZMA na mfumo wa faili wa SquashFS. Binwalk isipoona kitu, na grafu ya `binwalk -E` ikawa bapa karibu na 1 mwanzo hadi mwisho, faili limesimbwa. Hapo fungueni kasha mtafute nukta za UART, mlango wa waya wa kuongea na bodi moja kwa moja: GND, TX, RX na VCC. Tumieni waya 3 tu, VCC msiiguse. Adapta ya USB iwe ya volti 3.3, ile ya volti 5 huunguza mguu wa RX. Kasi kwa kawaida ni 115200, na bodi kadhaa za zamani za Ralink na MediaTek ni 57600. Kuijua GND, pimeni kwa multimita mwendelezo kati yake na bati la kinga. TX ni ile ambayo volti yake inachezacheza wakati ruta inawaka.

Njia ya mwisho ni kusoma chipu ya flashi (kumbukumbu inayohifadhi famuwea) yenyewe kwa klipu na CH341A, programa ya USB ya kusomea chipu. Angalieni: programa nyingi za bei nafuu za CH341A hutoa volti 5 kwenye nyaya za data ilhali chipu ni ya 3.3. Pimeni kwanza. Kisha someni mara 2 na kulinganisha:

```
flashrom -p ch341a_spi -r a.bin
flashrom -p ch341a_spi -r b.bin
sha256sum a.bin b.bin
```

Zikitofautiana, klipu haijakaa vizuri.

Mkishapata orodha, pangeni kwa leseni. Kwa ruta ya namna hii tegemeeni hivi: Linux, BusyBox, iptables na U-Boot ni GPL toleo la 2, na U-Boot wengi huisahau kwa sababu haionekani kwenye opkg, kisakinishi cha vifurushi cha OpenWrt. dnsmasq unachagua kati ya toleo la 2 na la 3. musl na dropbear ni MIT au za namna hiyo, hostapd ni BSD: hizi hazidai chanzo ila zinadai tangazo la hakimiliki libaki. libuci na ubus ni LGPL 2.1, ndugu nyepesi wa GPL kwa ajili ya maktaba. Samba, kama ruta ina tundu la USB la kugawana mafaili, ni GPL toleo la 3 tangu Samba 3.2 ya mwaka 2008. Iwekeeni Samba alama, itarudi kwenye swali la kufunga.

Na kitu ambacho karibu kila mtu hukiruka: kadi ya 4G. Moduli kama Quectel EC25 si modemu tupu, ndani yake ina Linux yake nzima, kerneli na BusyBox. Ni kompyuta ya pili ndani ya boksi lenu, na chanzo chake kinadaiwa vilevile. Kiombeni kwa muuzaji wa moduli mkitaja toleo kamili la famuwea, linalotoka kwa amri `ATI` na `AT+QGMR`.

---

nahodha_wa_mtandao

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote. tainted ni 4097. Samba ipo, 3.6. Kadi ni EC25 kweli.

Tulipobana, kiwanda kimetuma furushi la MB 95. Ndani kuna kerneli 4.14 na BusyBox, basi. Je, hilo linatosha kwa sehemu ya GPL?

---

waya_tatu

MB 95 ni karibu sawa na kerneli iliyobanwa kutoka kernel.org pamoja na BusyBox, bila kitu kingine. Kuna jaribio la dakika 1. Chukueni maneno yaliyotoka kwenye /proc/device-tree/compatible, mfano yaanze na jina la kiwanda na la modeli, mtafute:

```
grep -rn "maneno-yale" arch/*/boot/dts target/
```

Yasipopatikana, kerneli ile siyo iliyojenga ruta yenu. Faili la DTS ndilo linaloiambia kerneli taa iko mguu gani wa chipu, flashi imegawanywaje, modemu inawashwa na mguu upi. Ni sehemu ya kerneli na linadaiwa.

Linganisheni pia na kerneli halisi ya toleo lilelile kwa `diff -rq`. Tofauti ikiwa sifuri wakati lsmod inaonyesha draiva za kiwanda, jibu mnalo.

Wakileta furushi la kweli, jaribio ni hili: kompyuta safi, mtu ambaye hajawahi kuliona, maelekezo yaliyomo ndani ya furushi peke yake. Mwisho litoke faili la .bin linalopokelewa na ruta na kuiwasha. Haya ndiyo yanayokwamisha:

Herufi kubwa na ndogo. Kerneli ina xt_TCPMSS.c na xt_tcpmss.c, xt_DSCP.c na xt_dscp.c, faili tofauti kabisa. Mtu akilifungulia furushi kwenye Windows au Mac kisha akalifunga tena, moja linalifuta jingine. Ukompaili unakatika kwenye netfilter na hakuna anayeelewa kwa nini. Viungo vya ishara navyo hupotea hivyohivyo. Dai tar.gz iliyofungwa kwenye Linux, kataa zip.

Umri wa mfumo. OpenWrt 18.06 inataka Python 2, na m4 yake ya ndani haijengeki kwenye glibc 2.28 na kuendelea: utaona kosa la "freadahead.c". Kerneli za kipindi hicho zikijengwa kwenye kompyuta yenye gcc 10 au zaidi hugoma kwa `multiple definition of yylloc` katika dtc. Msikimbilie kutia viraka. Jengeni ndani ya kontena ya Docker ya Ubuntu 16.04, na Dockerfile hiyo muiweke ndani ya furushi.

Folda ya dl/. OpenWrt hushusha mafurushi ya programu kutoka intaneti wakati wa kujenga. Leo viungo vinafanya kazi, mwaka wa tatu wa ahadi yenu nusu vitakuwa vimekufa. Endesheni `make download` kisha mfunge dl/ pamoja na vingine, halafu mjenge tena mkiwa mmezima intaneti.

Hatua ya mwisho ya kufunga faili. Viwanda vingi huongeza kichwa chao juu ya faili la sasisho: namba ya modeli, CRC, pengine baiti 64 au 256. Zana ya kuweka kichwa hicho huwa imeachwa nje. Bila hiyo ukurasa wa sasisho unakataa kila mlichojenga. Hiyo ni skripti ya usakinishaji, idaini.

Njia za folda zilizokaziwa, kama /home/mtu/sdk/..., ni usumbufu mdogo. `grep -rn "/home/"` inazitoa zote.

Mkimaliza, hakikisheni vermagic ya moduli (alama ya toleo la kerneli iliyojengewa), kwa `modinfo` au `strings`, ni ileile kati ya famuwea ya kiwanda na mliyoijenga.

---

bi_chanzo

Nijibu yale mawili yaliyobaki, programu yenu na kufunga.

nodogsplash ni GPL. Mmeibadilisha na mnaisambaza ndani ya ruta, kwa hiyo mabadiliko yenu yanatoka, hakuna mjadala. Programu ya C inayothibitisha vocha, kama ni mchakato wake peke yake unaozungumza na nodogsplash kwa faili, soketi au amri, inabaki yenu. Kerneli yenu ya 4.14 ina tamko juu ya faili lake la COPYING kwamba programu inayotumia kerneli kwa miito ya kawaida ya mfumo haihesabiwi kuwa kazi iliyotokana nayo. Msichukue kipande cha msimbo wa nodogsplash mkakibandika ndani ya programu yenu. Hapo mnaivuta yote kwenye GPL.

Angalieni maktaba inazotumia. libubox na libcurl hazina shida, mnaweka tangazo tu. libuci ni LGPL 2.1: iunganisheni kwa njia ya .so, yaani maktaba ikae kwenye faili lake peke yake. Mkiiunganisha ndani kwa ndani mtalazimika kutoa faili za .o za programu yenu ili mteja aweze kuiunganisha upya na libuci aliyoibadilisha. Tena kifungu cha 6 cha LGPL 2.1 kinataka masharti yenu ya mauzo yasimkataze mteja kurekebisha kwa matumizi yake na kuchunguza programu ili kurekebisha hitilafu za marekebisho hayo. Wanasheria wengi huweka "ni marufuku kuchunguza programu" kwenye kila mkataba kwa mazoea. Kwenye huu itoeni.

Kuhusu moduli iliyofungwa, ile inayoonyeshwa na 4097 yenu, ambayo huenda ni ya Wi-Fi. Hapa watu wa kerneli wenyewe hawajakubaliana wote, ila wengi wenye hakimiliki husema moduli ni kazi iliyotokana na kerneli. Mimi ningeanza na `strings moduli.ko | grep license=`. Ikisema GPL, mwenyewe ameshatamka, na kukupa .ko bila chanzo ni ukiukaji ulio wazi. Ikisema Proprietary, mnabeba hatari ya kitu ambacho hamkukiandika. Chipu za MediaTek zina draiva ya wazi, mt76, iliyomo ndani ya kerneli rasmi. Ulizeni kama bodi yenu inaweza kwenda nayo.

Kufunga. GPL toleo la 2 iliandikwa kabla ya watu kufikiria butiloda inayokagua sahihi ya kidijitali, na tafsiri zinatofautiana juu ya uzito wa maneno "usakinishaji wa programu". Toleo la 3, la Juni 2007, liliandikwa likiwa na TiVo akilini, ile mashine ya kurekodi televisheni iliyotoa chanzo lakini ikakataa kuwasha kerneli iliyobadilishwa. Kifungu chake cha 6 kiko wazi: kifaa cha matumizi ya nyumbani kikiuzwa na programu ya GPL 3 ndani yake, mteja apewe taarifa za usakinishaji, funguo zikiwemo, zinazomwezesha kuweka toleo alilolibadilisha na likafanya kazi.

Sasa ninyi mna Samba 3.6, ambayo ni GPL 3. Mkifunga ruta kabisa huku Samba imo, mmekiuka. Mna njia mbili. Moja ni kuiondoa Samba. Anayehitaji kugawana mafaili kwenye ruta ya vocha ni nani? Tena 3.6 ni ya zamani mno kiusalama. Nyingine, ambayo ndiyo ninayoishauri, ni kutoifunga ruta: acheni njia ya kuweka famuwea nyingine, kwa mfano kushikilia kitufe cha reset sekunde 10 wakati wa kuwasha ili U-Boot ipokee faili kwa TFTP (njia rahisi ya kutuma faili kwa waya wa mtandao), na muandike kwenye karatasi kwamba ikifanyiwa hivyo huduma ya vocha haidhaminiwi. Vocha zenu zilindwe kwenye seva, si ndani ya ruta. Anayetaka kuiba vocha akiwa na bisibisi mkononi hazuiliwi na sahihi ya butiloda peke yake.

Msikubali pia hoja kwamba masharti ya redio yanalazimisha kufunga kila kitu. Mwaka 2016 FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, ilimaliza shauri na TP-Link kuhusu nguvu za redio, na makubaliano yenyewe yalikuwa na kipengele cha kampuni kushirikiana na watengeneza famuwea huru. Kinacholindwa ni masafa na nguvu ya redio, siyo BusyBox.

---

mlinzi_wa_leseni

Kuhusu karatasi na pesa, maana huko ndiko mzigo wenu utakapokwama au kupita.

Nguvu yenu juu ya kiwanda ni ile asilimia 70. Mkishailipa, barua pepe zitaanza kujibiwa baada ya wiki 3. Kwenye oda andikeni: malipo ya mwisho yanatoka baada ya furushi la chanzo kujengwa na sisi kwenye kompyuta yetu na faili lake kuwasha sampuli, kila sasisho la baadaye lije na furushi lake. Siri aliyosaini na mtengeneza chipu haiwezi kufuta leseni ya watu wengine: kifungu cha 7 cha GPL 2 kinasema ukishindwa kutimiza leseni kwa sababu ya mkataba mwingine, basi usisambaze kabisa. Wakigoma moja kwa moja, badilisheni bodi. Chagueni iliyo kwenye orodha ya vifaa vya OpenWrt rasmi, yenye flashi ya MB 16 na RAM ya MB 128, na mjenge famuwea wenyewe. Mtafanya kazi wiki chache za mwanzo, kisha kila furushi la chanzo litakuwa lenu tangu siku ya kwanza.

Kati ya 3(a) na 3(b), kwa ruta 500 fikirieni 3(a). Kadi ndogo ya kumbukumbu au diski ndani ya boksi inamaliza deni siku ileile ya mauzo. Ahadi ya 3(b) inadumu miaka 3 kwa kila ruta, kwa hiyo ruta ya mwisho ikiuzwa miaka 2 baada ya ya kwanza, mnatunza chanzo miaka 5. Tena inamhusu mtu yeyote, si aliyenunua tu.

Kiungo cha tovuti peke yake kwenye boksi hakitoshi kwa GPL 2. Leseni inaruhusu chanzo kuwa mtandaoni pale ambapo na programu yenyewe inatolewa mtandaoni mahali palepale. Kwa masasisho mnayoweka kwenye tovuti ni sawa: wekeni furushi kando ya faili la .bin, yenye namba ileile ya toleo. Kwa kilichomo ndani ya ruta kwenye boksi, ni diski au karatasi.

Mkichagua karatasi, maneno yanaweza kuwa hivi:

"Kifaa hiki kina programu zilizotolewa chini ya GNU GPL na LGPL. Kwa muda wa miaka 3 tangu kununuliwa kwake, mtu yeyote anaweza kuomba nakala kamili ya msimbo chanzo wa programu hizo, zikiwemo skripti za kuzijenga na kuzisakinisha, kwa kuandika kwa [anwani ya posta] au [barua pepe], akitaja modeli na toleo la famuwea. Gharama haitazidi ile ya chombo cha kuhifadhia na posta."

Gharama hiyo ni diski na stempu. Muda wa fundi wenu kutafuta mafaili msiuweke humo. Nakala ya leseni yenyewe nayo iende na kifaa, kwenye ukurasa wa "Kuhusu" ndani ya ruta inakubalika, pamoja na matangazo ya MIT na BSD. Wanaotumia Buildroot, zana nyingine ya kujenga famuwea, wana `make legal-info`, inayotoa orodha ya manifest.csv, maandishi ya leseni na vyanzo kwa mpigo. Kwa OpenWrt tafuteni PKG_LICENSE kwenye Makefile za vifurushi, lakini zikagueni, si zote zimejazwa.

---

mteja_wa_ruta

Samahani kuingilia. Mimi nipo upande wa mnunuzi. Ukinunua kifaa kama hicho na hakuna karatasi yoyote, unaombaje? Na mnunuzi ana haki ya kushtaki au ni mwandishi wa programu tu?

---

bi_chanzo

Kaka au dada, andika barua pepe fupi: modeli, toleo la bodi lililo kwenye kibandiko cha chini, toleo la famuwea kutoka ukurasa wa mipangilio, tarehe na mahali uliponunua. Ambatisha picha ya /proc/version au ya ukurasa unaotaja Linux. Kisha sema unaomba chanzo kamili cha programu za GPL na LGPL zilizomo katika toleo hilo, pamoja na skripti za kujenga na kusakinisha. Usiombe "source ya ruta" kwa jumla. Wataanza kubishana kuhusu programu yao wenyewe ambayo huna haja nayo. Ukipewa furushi, lipime kama alivyoeleza waya_tatu, halafu uwarudishie orodha ya kilichokosekana, faili kwa faili.

Kushtaki: kwa kawaida aliyekuwa akienda mahakamani ni mwenye hakimiliki. Oktoba 2021 Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, ilifungua kesi California dhidi ya Vizio, watengeneza televisheni, ikiwa kama mnunuzi, kwa hoja kwamba GPL ni mkataba na mnunuzi ndiye anayekusudiwa kufaidika nao. Mei 2022 jaji wa shirikisho aliirudisha kesi kwenye mahakama ya jimbo, akikubali kwamba dai la mkataba linaweza kusimama nje ya hakimiliki. Hiyo ni sheria ya kule. Kwa huku mwandishi wa programu bado ndiye mwenye njia iliyonyooka.

---

nahodha_wa_mtandao

Nimeelewa wakuu. Malipo ya mwisho tumeyasimamisha, Samba inaondolewa, nodogsplash yetu inaandaliwa kutolewa. Swali la mwisho: tukipokea ombi kama hilo, tuna siku ngapi za kujibu?

---

mlinzi_wa_leseni

GPL 2 haitaji siku. GPL 3, kifungu cha 8, inampa anayekiuka kwa mara ya kwanza siku 30 tangu aarifiwe na mwenye hakimiliki. Akirekebisha ndani yake, haki zake zinarudi moja kwa moja. Oktoba 2017 waandishi wengi wa kerneli walitamka kwamba watatumia utaratibu huohuo kwa Linux, ingawa tamko linawafunga waliosaini tu. Ninyi jiwekeeni siku 7. Linawezekana kama furushi la kila toleo limefungwa siku ileile famuwea inapotoka, likawekwa sehemu 2 tofauti pamoja na sha256 yake (alama ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilika). Barua pepe iwe ya kazi, mfano chanzo@ ikifuatiwa na jina la tovuti yenu, na ifike kwa watu wawili. Ikiwa ya fundi mmoja, siku akiacha kazi ahadi iliyo kwenye boksi 500 inakuwa haina mpokeaji.